Mfuu Chini ya Mwarobaini

Bi Barka hakumsalimia mtu aliyekaa chini ya mwarobaini ule. Aliusalimia mti, na salamu yenyewe ilikuwa tusi.

"Huyafa tu," aliuambia kila asubuhi, buibui kalikusanya mkononi lisiburute mchangani. Kwa Kiamu chake ndiyo kusema hujafa bado. "Haya. Siku yako i ndiani."

Chelangat alikuwa pale pale kwenye kigoda akisukuma chapati. Alijua salamu ile ina wenyewe wawili, mti na yeye, maana wote wawili walitoka kwingine na wote wawili waliota mahali ambapo mwenye mji hakuwapanda. Alisukuma tu, akikandamiza unga kama anayemkandamiza mtu, na chapati za asubuhi zikatoka nyembamba hadi ukiinua moja unaona kiganja chako upande wa pili.

Kiwanja chenyewe kiko nyuma ya mtaa wa Langoni, pale nyumba zinapoisha na mchanga unapoanza. Chelangat aliletwa Amu, ambayo wa bara huiita Lamu, na mume askari. Mume akahamishwa, akasema anatangulia kutafuta nyumba, na hadi leo bado anaitafuta. Wake wengine wakiachwa hubaki na vyombo. Yeye alibaki na binti yake Mourine, aliyekuwa shule ya bweni, na kivuli. Chini ya kivuli kile aliweka jiko, mabenchi mawili na ndoo za maji, na watu wakaja: walimu, askari, mafundi wa ujenzi, wenye punda. Hakujidanganya kwamba walifuata chapati. Chapati ziko kila kichochoro. Walifuata ubaridi, kwa sababu jua la Amu likisimama katikati ya mbingu halina mchezo, na chini ya mwarobaini ule mtu alivua kofia akasahau kuivaa tena. Ukiuondoa mti, Chelangat ni mwanamke mwenye jiko juani. Na nani atakaa juani apulize chai?

Bi Barka naye alikuwa na haki yake. Alizaliwa mtaa wa Mkomani, na utotoni mwake kiwanja kile kilikuwa cha mifuu, miti ya matunda meusi. Watoto walirudi nyumbani midomo myeusi kwa fuu, na mama zao wakajua walikokuwa bila kuuliza. Mifuu ikakatwa, huu wa kuni, huu wa boriti, hadi ikaisha. Kisha mtu fulani, Mungu amsamehe, akapanda mwarobaini mmoja apate kivuli. Mwarobaini ukazaa. Kunguru wakala matunda wakanya mbegu, na vijiti vya mwarobaini vikatoka kila mahali kama upele. Bi Barka akakusanya wanawake wenzake, wakapewa kiwanja wairudishe miti ya asili, wakapanda mifuu na mikunazi. Chini ya ule mkubwa walipanda na kupanda tena. Miche ilirefuka ikitafuta mwanga, ikawa myembamba na ya manjano, ikalala.

Hata jina la mwarobaini Bi Barka hakulitaka. Yeye na rika lake huuita mkilifi, mti uliotoka Kilifi, ingawa huko Kilifi nako ulifika kwa kuletwa. Kwa Bi Barka kila kitu kina kwao, na kisichokuwa kwao kinasumbua.

"Mti hunu mwasema hutibu maradhi arubaini," alisema siku moja mbele ya wateja, akiwa ameshika mche uliokufa kama anayeshika panya mkia. "Basi la arubaini na moya ndilo hili lililokaa tini yake."

Benchi zima likacheka. Hata askari waliokuwa na chapati zake mdomoni walicheka, wakamwaga chai.

"Bi Barka," Chelangat akasema bila kuinua kichwa, "miche ikifa unanilaumu mimi. Ikipona utamshukuru nani?"

"Ikipona ntakwambia uhame."

"Na ikifa?"

"Ikifa pia."

Wakacheka tena, mara hii bila kujua wanamcheka nani.

Lakini uadui wao haukuanza na mti. Ulianza na neno. Mwezi wa kwanza wa Chelangat Amu, kabla hajajua kichochoro kinachotoka na kisichotoka, Bi Barka alikanyaga mchanga mbaya mbele yake akayumba. Chelangat akaruka akamshika mkono.

"Niwata," Bi Barka akasema.

Chelangat, mtoto wa Kericho, alisikia "nikamate". Akamkamata kwa mikono miwili.

"Niwata, mwanamke. Niwata."

Akamkumbatia kabisa kiunoni, kama anayemtoa mtu mtoni. Mtaa mzima ulitoka kutazama bibi wa Mkomani akipigana mieleka na mwanamke wa bara. Ni Obeid, mpwa wa Bi Barka, aliyewaachanisha, kicheko kimemtoa machozi. "Mama, anakwambia umwache," akasema. "Kuwata ni kuacha. Niwata, niache. Basi."

Mwaka mzima watoto wa Langoni wakimwona walishikana viuno wakaimba niwata, niwata. Bi Barka hakusamehe kule kukumbatiwa hadharani. Chelangat hakusamehe kicheko. Tangu siku ile akisikia Kiamu alinyamaza kwanza, akasubiri mtu mwingine aelewe, ndipo naye aelewe. Afadhali uonekane mjinga ukiwa kimya kuliko ukiwa umekumbatia mtu.

Ndipo ukaja mkutano. Bwana Wanyama, afisa wa misitu, mtu wa Bungoma mpole asiyependa ugomvi, alisimama katikati ya kiwanja na karatasi yake. Upande mmoja wanawake wa kikundi, mabuibui meusi mstari mmoja. Upande wa pili wateja wa Chelangat wamejaa mabenchi, vikombe mkononi. Ungedhani ni harusi ambayo pande mbili zimekuja kuivunja.

"Imekubaliwa," Wanyama akasoma, "kwamba wageni wote walioko katika kiwanja hiki wataondolewa."

Amu neno mgeni haliangukii sakafuni likavunjika peke yake; humkata kila aliyetoka bara. Mafundi waliweka vikombe chini. Bramwel, mwenye msumeno wa mashine, kijana wa Kakamega mwenye mabega kama mlango, akasimama.

"Wageni gani, afande?"

"Miti," Wanyama akasema haraka, jasho limemtoka juu ya mdomo. "Miti ya kigeni. Miarobaini."

"Ungeanza na hilo neno mti."

"Nimeanza nalo kichwani," Wanyama akasema.

Obeid alikuwa ameegemea ukuta upande wa mabuibui. "Sisi hatukuwa na haraka ya kumsahihisha," akasema, na mabuibui yakatikisika.

Likaamuliwa hivi: miarobaini midogo ikatwe yote. Ule mkubwa usubiri. Kwa kuwa kiwanja ni cha kikundi, siku ikifika mwenye kikundi ndiye atakayesema ukatwe au ubaki, na neno lake ndilo la mwisho. Mwenye kikundi ni Bi Barka. Yaani kivuli cha Chelangat kilitiwa mdomoni mwa mtu aliyekuwa akikitukana kila asubuhi.

Chelangat akainuka. Hakuwa mtu wa kusema mkutanoni, na sauti ilitoka kavu. "Na mimi nitakaa wapi?"

Bi Barka alimtazama, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Yua ni la wote," akasema.

Bramwel akakata ile midogo. Alikuwa akila chapati chini ya mkubwa, kisha anavaa vikinga masikio vyake vyekundu anaenda kukata wadogo zake. "Kazi ni kazi, Mama Mourine," alimwambia Chelangat akifuta mdomo. Chelangat alimwongezea maharagwe, kwa maana hata yeye, angelipwa kusukuma chapati za Bi Barka, angezisukuma. Labda angetia chumvi.

Kiwanja kikawa cheupe. Wanawake wakapanda mifuu pale palipokatwa, mistari kwa mistari, wakaizungushia mawe, wakaimba. Waliiacha pembeni mifuu michache waliyoipanda mwanzo, ile iliyokuwa ukingoni kabisa mwa kivuli cha mwarobaini mkubwa, kwa sababu hiyo walishaihesabu maiti.

Jua la Februari likaja. Miche mipya ya katikati ilikunjamana kama karatasi karibu na moto. Wanawake walibeba maji kwa madumu, mchanga ukayanywa ukasema lete tena. Majani yakawa kahawia, yakawa unga. Na kule ukingoni mwa kivuli, pale jua linapoingia asubuhi na kutoka mchana, mifuu iliyohesabiwa maiti ikatoa majani mapya, ya kijani, yanang'aa kama yamepakwa mafuta.

Bi Barka alikuja akasimama hapo. Siku ya kwanza alitazama akaondoka. Siku ya pili alikuja na kiti cha kamba akakaa, mgongo kwa Chelangat, uso kwa mifuu, akawa kama mtu aliyekuta mwanawe anacheza nyumbani kwa adui na anacheza vizuri. Chini kabisa ya mti, karibu na shina, hakuna kilichoota. Nje juani hakuna kilichopona. Hapo ukingoni tu. Alinyoosha mkono ukawa nusu kivulini nusu juani, akaugeuza, akautazama.

Ndipo akaanza kuchunguza mchanga. Ulikuwa na unyevu.

"Wewe," akasema bila kugeuka. "Wamwaga nini hapa?"

Chelangat alidhani ugomvi wa zamani umerudi, maana Bi Barka alishawahi kumsimanga mbele ya watu kwamba anaichemsha miche kwa maji ya moto. "Maji ya kusuuzia vyombo," akasema. "Si ya moto."

"Yana sabuni?"

"Ya kwanza yana sabuni. Ya pili hayana."

"Na hapa mai yapi?"

"Ya pili."

"Na ya kwanza?"

"Kule kwa shina."

Bi Barka akausugua ule mchanga kati ya vidole. Ikawa haijulikani kama ni kivuli kilichoponya mifuu au ni maji ya vikombe vya polisi, au vyote viwili, na kila jibu lilikuwa baya kuliko lenzake.

"Ya kwanza usiyalete huku," akasema.

"Sijawahi."

"Nimesema tu usiyalete."

Akachukua kiti chake akaenda. Kesho yake asubuhi alipita, akashika buibui, akaukabili mwarobaini, na kwa mara ya kwanza hakuuambia kitu. Chelangat alisikia kimya kile kuliko alivyowahi kusikia tusi. Chapati yake ikaungua.

Siku ya ule mkubwa ikafika. Bramwel alikuja mapema, akakata matawi ya chini ili shina liwe wazi, na mashine yake ikanguruma hadi kuku wa Langoni wakahama. Chelangat alishahamisha mabenchi. Alikuwa amesimama juani na sufuria mbili mikononi, kitenge kichwani, kama mtu anayengoja meli itakayomfukuza. Wateja walijipanga nyuma yake, mafundi na wenye punda, nyuso zimekaza. Wanawake wa kikundi walibaki mbali, kwenye kivuli cha ukuta, na Wanyama karibu nao na karatasi yake. Obeid alikuwa akiburuta matawi nyuma ya kiwanja.

Bi Barka akaja peke yake. Akapita katikati ya mifuu ya ukingoni, akiinua miguu asiikanyage, akasimama mbele ya Bramwel. Bramwel hakuzima mashine. Aliiacha ikikoroma mkononi, akasogeza kikinga kimoja kidogo nyuma ya sikio, akauonyesha mti kwa kidevu.

"Haya, Bi. Tufanyeje?"

Bi Barka akatazama mifuu. Akautazama mti. Akamtazama Chelangat na sufuria zake, na mdomo ukampinda kama mtu anayemeza shubiri ili apone.

"Uwateni," akasema.

Neno lilikuwa dogo na mashine ilikuwa kubwa. Bramwel alikuwa na miezi mitano tu Amu, na alisikia kutoka kwenye mdomo ule kitu ambacho kila mtu alijua kitatoka kwenye mdomo ule. Alisikia ukateni. Akaitikia kwa kichwa, akarudisha kikinga.

Chelangat alisikia. Alilisikia lote, na w yake. Hakuna neno la Kiamu alilolijua kuliko lile. Lilikuwa limeimbwa nyuma yake mwaka mzima. Na hapo hapo akasema moyoni: nimekosea. Bi Barka aseme uachwe? Huyu? Akaona watoto wameshikana viuno. Akajiona anakimbia mbele ya mafundi wote akipiga kelele mti usikatwe, kumbe bibi amesema ukatwe, na kicheko cha mji mzima kinaanza upya. Akageuza shingo kumtafuta mtu mwingine aelewe kwanza. Obeid alikuwa mbali, amewapa mgongo. Mabuibui yalikuwa ukutani.

Mashine ikauma.

Ndipo alipotupa sufuria akakimbia. Bi Barka naye alikuwa akipunga mikono yote miwili, akisema wata, wata, na Bramwel alipomwona alidhani anawazuia watu wasisogee, akaona ni vyema, akakaza kazi. Chelangat alimfikia akampiga begani. Mashine ikazimwa.

"Amesema uache."

Bramwel akatazama shina. Msumeno ulikuwa umeshavuka katikati. Mti ulitoa mlio mdogo ndani yake, kama mlango wa nyumba ya mtu mwingine. "Siwezi kuuacha hivi," akasema polepole. "Utaua mtu."

Akawarudisha watu wote nyuma, akamaliza. Mwarobaini ulianguka upande ulioutaka wenyewe, nao ulitaka upande wa ukingoni, juu ya mifuu.

Vumbi halijatulia, ugomvi ukawa umewaka.

"Nilisema uwateni," Bi Barka akasema.

"Ulisema ukateni," Bramwel akasema. "Bi, nilikuuliza vizuri."

"Nimesema ukateni mimi?"

"Sote tumesikia," fundi mmoja akadakia kutoka nyuma, mahali ambapo hangesikia hata mzinga. "Miaka yote amekuwa akiulaani. Leo ameukata, ameona na mifuu yake imelaliwa, anageuza maneno."

"Mwenyewe aliuambia siku yako iko njiani."

"Kila asubuhi."

Obeid alifika mbio. "Shangazi, ulisema nini?" Hata yeye alimwuliza, na lililokuwa usoni mwake lilikuwa swali la kweli. Bi Barka akamtazama mpwa wake kama anayemwona leo. Kinywa kilichotukana mti mmoja miaka yote hakikuwa na wa kukiamini siku kilipouombea.

Wanyama akaingia katikati, karatasi imelowa mkononi. Kama kikundi kimeamuru mti ukatwe kisha kinamsingizia mwenye msumeno, alisema, hilo si jambo dogo. Itabidi aandike kikundi hakiwezi kuaminiwa, na kiwanja kirudi serikalini. Kama ni Bramwel aliyekata bila ruhusa, basi kazi hiyo hataipata tena Amu. Akapangusa mdomo. "Mama Mourine, wewe ndiwe uliyekuwa karibu. Alisema nini?"

Wote wakamgeukia Chelangat. Bramwel akainama karibu na sikio lake.

"Sema ukateni," akanong'ona. "Kiwanja kikirudi tutakupigia kibanda cha mabati hapa hapa, mimi na hawa. Kivuli chako mwenyewe, hakuna wa kukukatia."

Jua lilikuwa limeshashika utosi wake. Hakuwahi kulihisi mahali pale. Alikuwa amesimama pale pale anaposukumia chapati, na pale pale sasa palikuwa jikoni kwa Mungu. Aliona kibanda. Aliona mabati yanametameta na benchi chini yake na Bi Barka anapita mbali, hana mche, hana kiwanja, hana la kuuambia mti wowote. Ilikuwa tamu. Asingesema uongo kuhusu hilo.

"Alisema uwateni," akasema. "Maana yake uacheni. Nilimsikia vizuri."

Bramwel akanyooka. "Mama Mourine."

"Na nilisikia kabla hujaanza kukata," Chelangat akasema, kwa sababu sasa lilikuwa likitoka lote. "Nikanyamaza."

Fundi mmoja alimwaga chai yake mchangani, karibu na miguu ya Chelangat, akaweka kikombe kifudifudi kwenye benchi. Bramwel aliokota mashine. "Umeniuza kwa huyu," akasema. "Kwa huyu, kati ya watu wote." Akaondoka na wengine wakamfuata, na Chelangat akajua wanakwenda kutafuta chai kwingine.

Bi Barka alibaki. Alimsogelea hadi buibui likagusa kitenge.

"Ulisikia."

"Nilisikia."

"Ukanyamaza."

"Nilidhani nimekosea," Chelangat akasema. "Mara ya mwisho kudhani nimekuelewa, ulikuwa mikononi mwangu."

Mwanamke mmoja ukutani alikohoa ndani ya buibui. Bi Barka hakucheka.

"Miaka yote hini naomba uhame," akasema. "Siku moya, siku moya tu, nimekuwatia kivuli chako. Umekitupa mwenyewe."

Chelangat akaenda kuokota sufuria alizotupa.

Wanyama aliandika kwamba ilikuwa bahati mbaya, akawaachia kikundi kiwanja chao na Bramwel kazi yake, na kwa hivyo hakuna upande ulioridhika. Matawi yalipoondolewa, ikaonekana mifuu minne imebaki hai chini yake, imepinda lakini haijavunjika. Sasa ilikuwa juani mchana kutwa kama ile iliyokufa.

Bi Barka hakungoja. Obeid akaleta fito na makuti kwa punda, wakajenga kichanja kifupi juu ya ile minne, chenye kufika kiunoni, kinachoachia mwanga kidogo kidogo kama ukingo wa kivuli ulivyokuwa. Chelangat alikuwa amesharudisha jiko mahali pake. Benchi moja tu lilikuwa na mtu, mwenye punda aliyekosana na mafundi kwa mambo mengine. Chelangat alijifunga kanga kichwani akasukuma chapati juani, jasho likimdondoka puani, akawa anageuza uso lisiingie kwenye unga.

"Hiki si chako," Bi Barka akamwambia, akipiga makuti kwa kiganja. "Usije ukatia ndoo zako tini yake."

"Sijasema ni changu."

Obeid alijipangusa shingo. "Shangazi, na mbuzi? Mbuzi wa Langoni watakula makuti kwanza, kisha mifuu. Nani atakaa hapa mchana kutwa? Mimi nina kazi. Wewe huwezi juani."

Bi Barka akaangalia kiwanja chote, mchanga mweupe, kisiki, mistari ya miche iliyokufa. Mtu aliyekuwa hapo tangu alfajiri hadi jioni, kila siku ya Mungu, alikuwa mmoja. Alichelewesha macho yake kila mahali kabla hayajafika kwake.

"Mchawi mpe mwana kulea," akasema.

Chelangat alisikia, na mara hii hakungoja mtu mwingine aelewe. Aliokota fimbo ya mwarobaini iliyobaki mchangani, akaiegemeza kando ya kigoda, tayari kwa mbuzi.

Adhana ya alasiri ilipolia, jua lilikuwa limeteremka nyuma ya kichanja. Kivuli cha makuti kikatoka taratibu chini ya mifuu, kikatambaa mchangani, kikapanda miguu ya kigoda, kikamfika Chelangat mapajani, kisha mikononi. Bi Barka, aliyekuwa ameinuka kwenda kusali, alikiona. Akasimama.

"Usidhani nimekuwekea wewe," akasema. "Ni yua lililokwenda."

"Sijasema kitu."

"Na usiseme."

Akashika buibui lake akaondoka. Chelangat akasuuza vikombe vichache vya siku ile. Maji ya kwanza akayamwaga kwenye kisiki, ambako tayari ncha nyekundu ya mwarobaini ilikuwa inachungulia pembeni ya gome. Ya pili akayabeba kwa mikono miwili hadi kwenye kichanja, akapiga magoti, akayaingiza polepole chini ya makuti.